Yungiyungi Lisilo na Harufu

Jua lilikuwa limeshaegemea miti wakati muuza dawa za mitishamba alipofika bondeni na kijembe chake. Nyumbani mdogo wake alikuwa siku ya nne kitandani, kifua kimembana, na matunguu ya mizizini ya yungiyungi la mwitu yalikuwa yamekwisha dukani. Achimbe, arudi, achemshe. Basi.

Ila bondeni palikuwa na mayungiyungi ya aina mbili, meupe yote, kama pacha. Moja dawa, jingine kaburi. Marehemu shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akimwambia: macho yatakudanganya, amini pua. Vunja jani, nusa. Likinuka kitunguu, chimba. Lisiponuka, liache.

Akavunja jani la kwanza. Kitunguu.

La pili. Kitunguu.

La tano... kitunguu.

Akasimama. Miaka yote ya kazi hajaona bonde lisilo na hata yungiyungi moja la sumu. Akanusa kiganja chake kingine, ambacho hakikuwa kimegusa jani lolote. Kitunguu.

Harufu ilikuwa ikitoka nyuma yake.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona. "Chimba hilo la miguuni pako."

Alikuwa shangazi. Kilemba kile kile, bega lile lile lililoinama kidogo. Amesimama kwenye tope, na miguu mikavu.

Nywele zikamsimama. Akakishika kijembe kwa nguvu.

"Huniamkii?"

"Shikamoo ni ya walio hai."

"Mdogo wako anakata roho huko. Chimba."

Hapo hasira ikaupiku woga. Huyu alikuwa na haraka kuliko mwenye mgonjwa. Akaling'oa lile yungiyungi, akalifuta tope tunguu lake, akamnyooshea.

"Ulinifundisha nionje kabla ya mgonjwa. Haya, onja wewe."

Mkono wa shangazi haukunyooka kulipokea.

"Onja, shangazi."

Uso ule ukatabasamu. Tabasamu likapanuka, likazidi kupanuka, likapita pale midomo ya mtu inapoishia...

Akalitupa tunguu majini. "Siondoki," akasema. "Nitavunja jani moja moja mpaka kuche. Tuone nani atachoka."

Akampa mgongo. Akavunja, akanusa. Kitu kikampumulia shingoni, baridi. Akavunja tena. Taratibu harufu ile ya nyuma yake ikafifia, mpaka jani moja likawa halinuki chochote, na la jirani yake likanuka kitunguu kikali, cha kweli.

Akachimba hilo.

Mdogo wake akanywa dawa usiku ule. Kulipokucha, kifua kilikuwa kimelegea, akaomba uji.

"Dada, jana ulirudi na nani?"

"Peke yangu."

"Kuna mama alisimama mlangoni. Kila nikimeza dawa, naye anameza mate. Akasema siku moja utachoka."

Muuza dawa akaweka kikombe chini. Akaenda, akaufungua mlango mpaka mwisho, akavuta kigoda, akaketi pale pale kizingitini, uso nje, akiziba njia.

"Kunywa uji wako," akasema bila kugeuka. "Leo sina haraka."