Ukuta wa Matawi

"Kama una mwingine, sema nijue," nilimwambia mume wangu akiwa na mto kwapani, anaelekea sebuleni tena.

"Sina mtu. Ukuta wako haunipi usingizi."

Nimesikia waume wanaokimbia mikoromo, sijasikia anayekimbia rangi. Ukuta wenyewe, wa chumba chetu cha kulala, niliuchora kwa mapenzi, yeye akiwa mji wa mbali akifunga lifti za maghorofa: mti ambao kila tawi ni mti mdogo, na vitawi vyake ni miti midogo zaidi. Kuchora kuta ndiyo riziki yangu, na hakuna mteja aliyewahi kuhama chumba. Nikaamini nimeibiwa mume.

Nikamwita wifi, dada yake, anitajie huyo mwanamke. Akaapa hamjui, ila akaomba auone huo ukuta. Karibu na dirisha alitulia, akasema pale angesinzia hata amesimama. Alipofika kichwani mwa kitanda akafikicha macho.

"Wifi, huku ulikuwa unachora au unagombana na mtu?"

Mimi huanzia dirishani nikasonga mbele, sirudi nyuma kurekebisha. Dirishani tawi liligawanyika, likagawanyika tena, nikaliacha lipumue. Siku hizo mume wangu alipiga simu kila jioni. Kisha zikaja meseji tu: "Niko bize. Tutaongea." Hapo nikaendelea kugawanya matawi hadi yakawa kama nywele, maana kuweka brashi chini kulikuwa ni kuitazama simu.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nikamsimamisha mbele ya ukuta.

"Hapa ulikuwa unapiga simu. Hapa uliacha."

Aliutazama sana. Kisha akakaa kitandani.

"Nilitaka kubaki kule," akasema. "Hapakuwa na mwanamke. Niliona raha tu kutoulizwa niko wapi."

Iliniuma kuliko kama angenitajia jina la mtu. Nikamuuliza kwa nini basi alirudi.

"Raha iliisha. Nikawa na mambo ya siku nzima, sina wa kumsimulia."

Akasema kesho angeupaka rangi nyeupe, tuanze upya. Nikamkatalia, nikamwambia alale palepale, uso ukutani. Akalala, nami nyuma yake. Macho yake yakawa yanahangaika, hayapati pa kukaa.

"Moyo unakwenda mbio?"

"Unakwenda."

"Wangu ulikuwa hivyo kila jioni."

Akanyoosha mkono nyuma kunitafuta bila kugeuka. Nikaanza kulia, nikampa mkono wangu.