Video ya Baba Ilipofutika, Nilimgeukia Mdogo Wangu kwa Panga

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, mkulima wa mpunga wa Katindiuka, nje kidogo ya Ifakara. Nina mke na watoto watatu. Mwaka huu nimetoka gerezani. Mkono ninaowaandikia nao, ndugu wasomaji, ndio huo huo ulioshika panga... nikamkata mdogo wangu wa tumbo moja!

Sitajisafisha hapa. Tangu ujana nilikuwa mtu wa ngumi. Niliwahi kumng'oa mtu jino kilabuni kwa sababu alinikanyaga mguu. Mke wangu, Mama Jeni, aliponiambia kwamba hasira zangu zitanipeleka pabaya, nilimzaba kofi kwa kusema hivyo. Sasa niambieni, mtu kama mimi alihitaji adui gani mwingine?

Mkasa wangu ulianzia kwenye shamba la marehemu baba. Kipande chake cha chini kinashika maji hata kiangazi kikianza, na mpunga wake hauna mfano. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa akidai kwamba kipande hicho ni chake na alimwazima kaka yake tu. Majirani waliojua ukweli walikuwa wamekwisha kufa, au walimwogopa yeye na wanawe wawili, vijana wenye mikono myepesi kama mimi.

Baba alipozidiwa na ugonjwa, alituomba asubuhi moja tumpeleke shamba. Alitembea mipaka yote akiwa ameshika bega la Festo, mdogo wangu, ambaye alikuwa mkata miwa huko Kidatu. Alitaja kila jaruba na kila kichuguu. Alipofika kwenye kile kipande akasimama, akasema kwa sauti kwamba alikifyeka yeye mwenyewe kwa shoka, hakuazimwa na mtu. Mimi nilirekodi yote kwa simu yangu. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Matanga hayajaisha, wana wa baba mdogo wakaingia shamba na kung'oa alama za mipaka! Niliwafuata na mpini wa jembe. Nilimpasua mmoja kichwa, mwenzake akanipiga teke la tumbo nikaanguka ndani ya maji ya jaruba na simu yangu ikafa humo humo. Siku ya pili wakachoma kibanda chetu cha shamba, godoro na masufuria yakiwa ndani.

Lakini nilikuwa nawacheka! Video ilikuwa salama. Simu ile ilikuwa inapeleka picha na video zangu zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa akaunti aliyonifungulia Festo zamani. Nilinunua simu nyingine, nikaandika neno la siri, na baba akatokea ameshika bega la Festo, akitembea majarubani. Nililia siku ile.

Kumbe raha yangu ilikuwa fupi. Kampuni ya ile hifadhi ikaanza kutuma ujumbe kwamba nafasi ya bure inapunguzwa. Anayezidisha kiwango alipie, au apunguze vitu vyake, la sivyo vitaanza kufutwa. Nami nilikuwa nimejaza harusi, ubatizo, ngoma na mechi za ndondo... nilikuwa nimezidisha mara tatu.

Festo akanipigia kutoka Kidatu. Alinishauri tulipie kidogo kila mwezi, yuko tayari kuchangia. Kama sitaki, ninunue memori kadi. Na kama hilo nalo siliwezi, basi nimtumie yeye nakala ya video ya baba, na shangazi nimtumie nyingine.

Ya mwanzo yote sikuyasikia. Nilichosikia ni nakala! Anaitakia nini? Nilimjibu kwamba baba alirekodiwa kwa simu yangu, mimi ndiye mkubwa, na kama anataka kwenda kuiuza kwa baba mdogo aseme. Nikamtukana matusi ambayo hayaandikiki. Halafu akasema, "Haya kaka, basi itunze."

Kesho yake nilikwenda steshenari moja mjini. Nikamwambia dada wa pale anitafutie huduma nyingine, ya bure, yenye nafasi kubwa kuliko zote. Akanionyesha nne. Moja ilikuwa ya nchi gani hata sijui, lakini nafasi yake ya bure ilikuwa ya kuogelea! Yule dada akasita. "Kaka, hizi za bure zina masharti yake. Hebu soma kwanza." Nikamwambia sikuja pale kusoma, kusoma niliacha darasa la saba. Nikakubali masharti yote kwa kugusa mara moja. Nikaweka neno la siri lile lile la zamani ambalo Festo alilijua. Tukahamisha kila kitu, kisha nikafuta kila kitu kwenye ile huduma ya zamani ili wasinisumbue tena.

Nilijiona mjanja. Mjinga mimi!

Mpunga ulipoanza kutoa masuke tukahamia shamba, kama ilivyo kawaida yetu huku bondeni. Nyumba nzima inafungwa, watu wanalala kwenye vibanda na kushinda juu ya dungu, jukwaa la miti, wakifukuza ndege kweleakwelea mpaka mavuno. Kule mtandao hakuna. Simu yangu ilikaa ndani ya mfuko wa unga zaidi ya miezi miwili. Nani huku bonde la Kilombero anayepanda dungu na kuwaza barua pepe?

Tulipomaliza kuvuna tulirudi nyumbani, nami nikaenda kwenye baraza la ardhi la kata, ambako nilikuwa nimefungua kesi ya kile kipande. Festo nilikuwa nimempiga marufuku kukanyaga pale. Nilisimama mbele ya wazee kifua mbele, nikasema ushahidi ninao, baba mwenyewe atasema. Nikafungua akaunti. Ilifunguka vizuri... ndani hamna kitu. Nikafunga nikafungua tena. Tupu! Hata picha moja ya mtoto haikuwepo.

Baba mdogo akasema taratibu, "Labda marehemu kaondoka nayo." Wanawe wakaangua kicheko. Sijui niliirukaje ile meza. Nilimkamata shingo mzee wa miaka sabini mbele ya wajumbe! Wanawe walinitoa nje wakanipiga mbavu mpaka nikatema damu. Nikiwa chini kwenye vumbi, baba mdogo akainama akaniambia, "Muulize Festo. Jana alikuwa kwangu."

Maneno hayo tu... yakanitosha.

Nilikwenda nyumbani nikikimbia. Festo alikuwa amefika kutoka Kidatu na mzigo wa miwa. Alikuwa amekaa uani, anawamenyea wanangu. Panga lilikuwa limelazwa pembeni yake. Nilimuuliza mara moja kwa nini ameifuta. Akasema, "Kaka, mimi sijafuta kitu, hebu tulia kwan—" Hakumaliza. Aliinua mkono wa kulia kujikinga uso. Nililishusha panga kwa nguvu zangu zote.

Kiganja kilibaki kinaning'inia kwa ngozi. Jeni, binti yangu, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale na muwa mdomoni. Damu ilimrukia kwenye gauni. Mtoto hakulia. Alinitazama tu...

Nilikuwa mahabusu siku ya tano Mama Jeni alipokuja na karatasi. Yule dada wa steshenari alisikia habari, akamsaidia kufungua barua pepe yangu. Kulikuwa na jumbe tatu kutoka huduma ile ya kigeni. Akaunti ya bure isiyofunguliwa kwa siku sitini, vitu vyote vinafutwa, wala havirudishwi. Lilikuwa sharti la pili tu kwenye orodha!

Na kwa baba mdogo Festo alifuata nini? Alikwenda kumpigia magoti ili tugawane kile kipande na damu isimwagike. Walimfukuza kwa fimbo.

Kipande kile leo analima baba mdogo. Mkono wa Festo ulikatwa hospitalini, kazi ya miwa ikaisha siku hiyo hiyo. Mimi nilifungwa, na kifungo kilikuwa kifupi kwa sababu Festo alisimama mahakamani, bandeji ikiwa bado mbichi, akaomba nihurumiwe!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Nafasi ya bure ikipunguzwa, msikimbilie penye nafasi kubwa kwa kuwa ni bure. Someni masharti, hata kama itabidi mumwombe mtu awasomee. Kabla hamjafuta vitu kule vilikokuwa, wekeni nakala pengine, kwenye kadi, kwa shangazi, kwa mtu mnayemtukana leo. Na wewe mwenye hasira kama mimi, ukiona mkono wako unatafuta kitu cha kushika, ondoka hapo hata kwa kukimbia. Watakucheka, watanyamaza.

Nilipotoka gerezani nilikwenda Kiberege, ambako Festo sasa anauza vocha. Aliponiona alisimama akaniamkia kama zamani, "Shikamoo kaka." Nilikaa kwenye ndoo pale kibandani kwake, nikamuuliza ile nakala aliitakia nini.

Akaniambia kwamba alipokuwa Kidatu alianza kusahau baba alivyokuwa anaongea. Alitaka awe anamsikiliza akimaliza kazi. Akaniuliza kama mimi bado naikumbuka sauti yake... nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya.