Nilifuta Maneno ya Mwisho ya Mama, Nikamtungia Mengine

Nina umri wa miaka hamsini na saba. Ninaishi hapa Bariadi mjini, natengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na stendi. Nina mke na watoto wanne. Wote wanajua kwamba shangazi yao hakanyagi kwetu, lakini hakuna hata mmoja anayejua sababu. Leo naisema kwenu, wasomaji wenzangu, kwa sababu kuisema nyumbani bado nashindwa...

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Pamba yetu, ambayo tulizoea kuiuza kwa ushirika peke yake, ikaanza kununuliwa na watu binafsi. Msimu ukifika Bariadi inajaa malori, wageni na muziki.

Zamani bendi zilikuwa za mashirika. Shirika likifa, magitaa yanarudi stoo na wanamuziki wanabaki mikono mitupu. Sasa walikuwa wamejikusanya wenyewe, wana vyombo vyao chakavu, wanapanda malori kuufuata msimu wa pamba kutoka mji hadi mji. Hawakuwa na mwenyewe, na redio kubwa haikuwajua. Mimi ndiye niliyewarekodi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi redio niliyejifunza kazi Mwanza. Nilipanga stoo nyuma ya duka la Mzee Hamisi, nikazungushia kuta magunia yaliyoshindiliwa pamba ili mwangwi ufe. Bendi nzima inaingia humo, inapiga kwa pamoja, mashine inanasa. Mpiga tumba akikosea, wote wanarudia mwanzo. Wanamuziki kutoka miji mikubwa waliniita fundi mitambo. Nilijiona mtu kweli kweli.

Mama yetu alikuwa akiishi Mwamapalala. Baba alishafariki. Tulizaliwa wawili tu tuliokua, mimi na dada yangu Minza, aliyenitangulia miaka minne.

Minza aliolewa akiwa na miaka kumi na saba na mtu wa Sola aitwaye Maduhu. Mama ndiye aliyesimama kidete ndoa ile ifungwe, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wengi na wazuri. Maduhu alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Baada ya miaka saba dada alikimbia, akaenda Kahama, huko akakutana na fundi seremala mmoja mpole, Emanueli. Wakazaa binti, Neema.

Maduhu akaja na wazee, akaswaga ng'ombe wake wote kutoka zizini kwetu mchana kweupe, majirani wakiangalia. Mama aliona aibu ambayo sijui niielezeje. Akasema hatazungumza na Minza mpaka arudi kwa mumewe. Miaka sita ikapita, hakuna hata salamu.

Kisha mama akaugua kifua. Jumapili moja nilipokwenda kumwona aliniambia nirudi na mashine yangu.

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi sijui kuandika," alisema. "Na barua ya kuandikiwa na mtu si yangu. Nataka Minza anisikie mwenyewe."

Siku mbili baadaye nikarudi na kinasa sauti na kanda moja nzuri ya kutoka nje, kwa sababu mama yangu sikutaka kumrekodi kwenye kanda mbovu. Akawatoa watu wote nyumbani, tukabaki wawili. Akaongea karibu nusu saa, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, akipumzika kila mara.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilivaa hedifoni, nikakodolea macho sindano ya kupimia sauti inayopanda na kushuka. Nilihangaika na upepo, na mbuzi, na kuku waliokuwa wakilia uani. Mama akikohoa, napunguza. Nilikuwa nasikiliza sauti, sikuwa nasikiliza maneno. Nilisikia akitaja msamaha. Nilisikia akitaja ng'ombe, na jina la Maduhu. Basi.

Alipomaliza aliniuliza, "Umeyasikia?"

"Nimeyasikia, mayu."

"Mpelekee."

Ningeweza kupanda gari la Kahama wiki ile ile. Lakini kulikuwa na bendi inakuja kutoka Mwanza, bendi niliyoisubiri msimu mzima. Nikaiweka kanda ya mama rafuni, nikasema dada atasubiri kidogo.

Bendi ikaja. Tulirekodi siku mbili, vizuri tu. Siku ya tatu ulibaki wimbo mmoja, na lori la kuwapeleka Maswa lilikuwa linawangoja nje. Mara ya kwanza gitaa lilikata waya. Mara ya pili mashine ikatafuna kanda. Kanda tupu ya mwisho nayo ikatafunwa hivyo hivyo. Nikakimbilia kwa Mzee Hamisi kuchukua nyingine, nikakuta kufuli. Ilikuwa Idi, mji mzima umefunga.

Nikarudi, wale watu wameshika vyombo, wananitazama. Nikaangalia rafuni. Kanda nyingine zote zilikuwa za bendi zilizopita, kazi za watu. Kanda ambayo haikuwa ya mtu wa nje ilikuwa moja...

Nilijiambia mama yupo hai. Nilijiambia Alhamisi nitakwenda Mwamapalala nimrekodi upya, tena vizuri zaidi, bila upepo. Mashine yangu kubwa haikuwa na upande wa kwanza na wa pili, ilikuwa inakula kanda yote kwa mkupuo mmoja, tena kwa kasi mara mbili. Nikaitia. Nikabonyeza. Wakapiga mpaka kanda ikaisha, na siku hiyo walipiga kama hawajawahi kupiga. Hakuna aliyekosea.

Mama alifariki Jumanne.

Minza alifika msibani akiwa na mtoto wake mgongoni, tumeshazika. Kabla hajaweka mzigo chini, majirani walikuwa wameshamwambia kwamba mama amemwachia maneno kwa Masunga, yaani mimi. Akanifuata penye kuni, akanishika mkono.

"Yako wapi?"

Maneno mawili tu yangetosha. Nimeyafuta, dada. Lakini macho yake yalivyokuwa yakinitazama, sikuweza.

"Yapo mjini," nikamjibu. "Keshokutwa nitakuletea."

Kesho yake nikapanda lori hadi Maswa, nikaitafuta ile bendi. Mwimbaji wao wa kike aliitwa Letisia, mzaliwa wa Shinyanga, Kisukuma anakiongea kama sisi. Alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti, stoo kwangu aliwachekesha wenzake kwa kuiga vizee. Nikamwambia nina mchezo wa redio, namtaka aseme maneno ya mama mgonjwa.

Maneno hayo niliyaandika mwenyewe kwenye lori. Niliandika nini? Niliandika yale mama aliyokuwa akiyasema miaka sita. Kwamba Minza ametuaibisha. Kwamba pamoja na yote amemsamehe. Kwamba akitaka mama yake apumzike, arudi Sola kwa mumewe. Nawaapia sikudhani namzushia marehemu. Nilidhani ndiyo aliyoyasema, maana niliyasikia maneno yote matatu, msamaha, ng'ombe, Maduhu. Yangekuwa na maana gani nyingine?

Tulirekodi nyuma ya gesti, penye banda la kuku, ili kuku wasikike. Nilimwambia Letisia afunike mdomo kwa kanga na akohoe. Katikati alisimama.

"Kaka Masunga, huyu mama yupo?"

"Ni mchezo tu."

Akamalizia. Lakini alipoondoka hakuniaga.

Nilipompelekea kanda, dada alichukua redio kaseti, akaingia nyumbani kwa mama, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Mimi nilikaa nje, nikingoja atoke aseme hii si sauti ya mama. Lakini alikuwa hajaisikia sauti hiyo miaka sita, na mama alikuwa mgonjwa... Alitoka macho mekundu, uso umetulia.

"Mama amenisamehe," alisema. "Ila anataka nirudi kwa Maduhu." Akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Wasomaji, hapo nilipewa nafasi ya pili. Aliniuliza mimi, kwa mdomo wake. Nami nikamjibu, "Maneno ya mama ni maneno ya mama."

Dada akarudi Kahama kufunga mizigo. Emanueli alilia, akamwomba, mwisho akasema kama anakwenda, mtoto haendi kwenye nyumba ile. Minza akamwacha Neema, mtoto wa miaka minne, akaenda Sola.

Wiki tatu baadaye Emanueli alikuja Bariadi. Alinikuta stoo nakunja nyaya. Alivua kofia.

"Shemeji, niambie kosa langu. Nilimpiga? Nilimnyima chakula?"

Nikamwambia hana kosa, ni wosia wa marehemu. Nikaendelea kukunja nyaya. Alisimama pale mpaka nikamaliza, kisha akaondoka.

Sola hakukuwa na makaribisho. Maduhu alikuwa ameshaoa mwingine. Dada alipewa kibanda cha pembeni na shamba la pamba la kulima peke yake. Miezi miwili haikuisha kipigo kikarudi. Mwaka wa pili alivunjwa mkono wa kushoto. Ulifungwa na mganga wa kienyeji, ukaunga vibaya, mpaka leo haunyooki.

Nilikwenda kumwona mara moja. Alinipikia, akaniuliza habari za kazi. Kila alipotaka kuinua sufuria aliikumbatia kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Dada, kwa nini usiondoke?"

"Niondoke mara ya pili?" alijibu. "Mama alale vibaya kwa ajili yangu?"

Nilikula chakula chake, nikapanda baiskeli yangu, nikarudi mjini. Hata siku ile sikusema.

Na ule wimbo? Ulivuma. Msimu ule kila baa ya Bariadi iliupiga. Nilikuwa nikipita barabarani watu wananinyooshea kidole kwa sifa, huyu ndiye aliyeurekodi. Mimi nikiusikia nilibadilisha njia.

Mwaka wa nne mama mdogo, mdogo wake mama aliyeishi Shishiyu, alipita Sola kumsalimia Minza. Siku ya mazishi alikuja na kuondoka siku hiyo hiyo kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa, hakusikia habari ya kanda. Alidhani Minza alirudi kwa mapenzi yake. Walipokuwa wakichambua pamba, dada akamweleza maneno ya mama. Mama mdogo akaacha kuchambua.

Alimwambia hivi: wiki moja kabla ya kurekodiwa, mama alimwambia anataka kumwomba Minza msamaha. Kwamba alimwoza kwa tamaa ya ng'ombe. Kwamba anajua alikuwa akipigwa, alijua tangu mwanzo, akanyamaza. Na kwamba anataka kumwambia asirudi kamwe kwa Maduhu, abaki na baba wa mtoto wake.

Dada alifika stoo kwangu kesho yake, saa nne asubuhi. Kulikuwa na bendi inafunga vyombo. Akawasalimia vizuri, akawaomba watupishe. Akaweka kanda juu ya meza.

"Masunga. Hii sauti ni ya nani?"

Nikakaa juu ya gunia, nikamweleza yote, tangu Idi mpaka banda la kuku. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakunitukana, hakulia. Aliniuliza kitu kimoja.

"Alisemaje, mama? Nipe hata neno moja la kwake, kama alivyolisema."

Nikajaribu. Mungu ananiona, nilijaribu. Sikuwa nalo.

"Ungeniambia umeifuta," alisema, "ningelia siku ile, ningekutukana, yangekwisha. Ningepanda gari nirudi kwangu."

Akatoka. Kanda akaiacha mezani. Hajawahi kuniita kwa jina tena tangu siku hiyo.

Hakurudi Sola. Alikwenda Shishiyu kwa mama mdogo, na huko ndiko aliko hadi leo, analima bustani kwa mkono mmoja na nusu. Alikwenda Kahama kumtafuta Emanueli, akakuta ameshaoa na ana mtoto mwingine. Emanueli alimpokea kwa heshima, mkewe akampa chai. Neema alikuwa na miaka minane. Alimwamkia shikamoo kama mgeni, akarudi kucheza.

Neema alipoolewa, mimi mjomba wake sikualikwa. Sikuuliza kwa nini. Stoo niliifunga mwaka ule ule dada aliponijia, mashine nikamwachia fundi wa Magu. Watu walidhani nimeishiwa.

Nimeshamtuma padre, nimemtuma mama mdogo kabla hajafariki. Jibu la Minza ni lile lile, kwamba hana ugomvi na mimi, ila nisiende. Sikukuu zote napeleka mchele na sukari. Anavipokea, anawagawia majirani.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba ukiharibu kitu cha mtu, uharibifu wenyewe sio utakaommaliza. Utakachomziba nacho macho ndicho kitakachommaliza. Mimi nilifuta nusu saa ya maneno. Uongo wangu ndio uliofuta nyumba nzima, ukamnyang'anya mtoto mama yake, ukavunja mkono.

Nawaomba, mkitumwa maneno na mgonjwa, yapelekeni siku hiyo hiyo, na yasikilizeni mkiwa mmekaa chini, hamshiki kitu. Mkiyapoteza, semeni mmeyapoteza. Msimsemee marehemu, hata kama mnadhani mnamjua.

Na kama kuna mtu huko aliko anaishi kwa uongo ambao wewe ulimlisha, usingoje akugundue. Nenda umwambie, angali ana pa kurudi. Mimi nilingoja aje yeye.