Kinoo Cheusi cha Luzira

Jiwe la tatu lilinuka mtu.

Masinde hakujali. Huyu Masinde, kinyozi wa Nsambya aliyevuka kutoka Kenya na wembe mmoja na domo refu, alijigamba kuwa hakuna kinoo cha kumdanganya, na hapo, nakuambia, hakuwa mwongo sana. Kinoo chake cha dukani kilikuwa kimevunjika, na madukani, tangu Wahindi wafukuzwe, unakuta rafu tupu na vumbi. Akajiokotea mawe matatu, akayapanga kwenye benchi, akayamwagia maji. La kwanza, la Nakawa, likayanywa yote kama mlevi: tupa. La pili likashika maji, lakini wembe ukipita linakwaruza kama paka juu ya bati: hilo la mapanga. La tatu, jeusi, la ufukweni mwa ziwa, Luzira, maji yalitulia juu yake, na wembe ukatoa tope laini kama uji wa mtoto. Akalinusa, maana kinyozi asiyenusa tope ni muuza karanga tu. Lilinuka tumbaku na sabuni ya kambini.

Mkewe Apio alikuwa anafagia. Ufagio ukamdondoka.

"Baba Laker, hiyo ni Ocen."

Ocen ni pacha wake, mwanajeshi, mtu wa Lira. Mwaka juzi askari wenzake walimpakia kwenye gari lisilo na namba, na tangu hapo hakuna maiti, hakuna kaburi. Kwao ndugu akizikwa, unanyolewa. Apio alikataa kichwa chake kuguswa. Nywele zile, zilizokuwa msitu sasa, ndizo zilizosema Ocen yu hai.

"Wewe na pua yako," Masinde akamtania. "Utamnusa hata kwenye mchuzi."

Asubuhi ya pili akaketi sajini mmoja, na Masinde akauweka shavuni wembe ule, mkali wa kupasua unywele hewani, nao ukapita, ukapita tena, bila kukata hata unywele mmoja wa kidevu, na kila ulipopita haukukwaruza bali ulivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyezama anayeibuka, mpaka chini kabisa, kwenye koo la sajini, pumzi ile ikapata sauti, ikaita polepole, kama mtu anayeomba kufunguliwa: Apio.

Sajini akaruka. "Wee Mkenya! Hii wembe yako naita nani?"

"Redio ya jirani, afande."

"Redio! Kesho nakuja. Nakuta hii kitu hapa, wewe napanda gari."

Wakamleta Maimunah, mganga wa Kinubi. Akafukiza ubani. Moshi haukupanda, ulitambaa sakafuni, ukamzunguka Apio, ukajikunja kichwani mwake.

"Hapana jini hapa," akanong'ona. "Jini ningefukuza. Huyu kijana yenu. Wembe nangoja kichwa moja tu."

"Nikinyolewa, nimemuua."

"Mwanangu, walishamuua. Wewe umemsimamisha mlangoni."

Masinde, utani umemkauka mdomoni, akasema chini chini, "Tulitupe jiwe ziwani, Mama Laker."

"Si ndiko walikomtupa? Umrudishe?"

Apio akakaa kwenye kiti mwenyewe. Masinde akanoa, akaanza. Sasa wembe ulikata, ulikata kama maji, na kila fungu lililoanguka lilifupisha ile pumzi. "Taratibu," Apio alisema. "Taratibu, bwana." Lilipobaki fungu moja kisogoni, akalifunika kwa kiganja. Akazungumza nalo kwa Kilango, lugha ya kwao Lira, muda mrefu, akacheka kidogo, kama wanavyocheka waliogawana tumbo moja. Kisha akaondoa mkono.

Fungu likaanguka. Harufu ikakatika.

"Pitisha tena," Apio akasema.

"Zimekwisha, mama."

"Pitisha."

Akapitisha juu ya ngozi tupu, mara nyingine, na nyingine, huku mkewe amekaza macho, anasikiliza. Ulisikika wembe tu.