Jedwali Lililogoma Mgeta

"Kabichi za Mgeta zimenyauka. Nenda kamwagilie."

Editha alisoma ujumbe, akaufuta. Maana yake aliijua. Tovuti ya Petro imekufa, naye ameita fundi kutoka Mwembesongo. Fundi huyo hatafika.

Atafika yeye, jasusi.

Mbele ya watu, Petro aliuza mboga. Chini ya kabichi zake zilisafiri pembe za ndovu, na wapokeaji waliagiza kupitia tovuti hiyo hiyo ya mboga.

Shikamoo ya Editha ilijibiwa kwa mguno. Sasa, ofisini mwake, Petro alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Editha, bastola ya Makarov mkononi. Glock ya Editha ilikuwa nje, ndani ya begi la pikipiki. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha.

Kompyuta ya Editha, Lenovo, ilitoa jibu: jedwali la oda limeharibika.

"Litapona?"

"Litapona, mzee."

"Ukimaliza, nifungulie na lile jedwali la walioingia kwenye tovuti. Kuna mtu humu ndani ananichungulia. Nataka jina lake."

Jina hilo Editha alilijua. Luqmani, karani wa ghala, alikuwa mlangoni, jasho likimtiririka katika baridi ile ya mlimani. Yeye na Editha walikula kiapo cha idara ya ujasusi siku moja.

Jina lake likionekana, atakufa hapo hapo.

Editha alibonyeza amri ya kutengeneza. Ikagoma. Diski imejaa.

Akatazama kilichoijaza. Ni jedwali lile lile la walioingia. Tangu tovuti ifunguliwe, hakuna aliyewahi kulisafisha.

"Seva imejaa, mzee. Oda hazirudi mpaka tufute kitu. Kinachokula nafasi ni hilo la walioingia."

"Linakili kwanza."

"Kwa intaneti hii ya huku juu? Mpaka kesho halijashuka."

Nje lori lilinguruma. Mzigo ulikuwa tayari, na bila oda Petro hakujua aupeleke kwa nani. Mdomo wa bastola ukagusa kisogo cha Editha. Aliogopa. Aliogopa hadi mkojo ukambana kama mtoto mdogo.

Petro akashusha pumzi.

"Mali kwanza. Futa hilo. Msaliti nitamsaka mwenyewe."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Editha akafuta kabla mzee hajabadili mawazo. Jedwali la oda likarudi, majina yote ya wapokeaji yakajipanga, na kila kilichotokea kwenye Lenovo ile kilionekana pia makao makuu ya idara, Dar.

Petro alipanda lori mwenyewe. Hakumwamini mtu tena.

Baadaye, redio ndogo aliyoificha sikioni ikakwaruza.

"Makao kwa Mlima."

"Nakusikia."

"Lori limenaswa Mlali. Petro ana pingu. Wapokeaji tunawafuata."

"Nimekupata."

Editha akafunga begi la kompyuta, akatoka taratibu. Luqmani alimfuata, akafungua mdomo.

"Usinishukuru," Editha alisema bila kugeuka. "Nikisikia sauti yako nitalia, na bado tuko kazini."

Wakashika njia ya kuteremka, kila mmoja akiwa hai.