Kitambaa cha Kuchujia Mlonge

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaanza nilipotoka kwenda kuanua kitambaa shambani. Kazi ya dakika mbili. Moza, binti yangu wa miaka minne, nilimwacha barazani anakula muhogo wa nazi, nikamwambia asiondoke.

Kitambaa chenyewe ni bafta nyeupe. Nilikuwa nachujia maji ya majani ya mlonge. Ahmada, bwana shamba, ndiye aliyetufundisha sisi wanawake wa bonde lile la njia ya Wesha: chuma majani machanga, twanga na maji kidogo, kamua, chuja, kisha kikombe kimoja changanya na vikombe thelathini vya maji, unyunyizie mimea siku hiyohiyo. Kila baada ya wiki mbili. Mimea itakua mpaka ushangae. Alisisitiza sana kuchuja, maana makapi yakibaki bomba la kunyunyizia linaziba. Nilijaribu kanga, ikapitisha makapi. Ndipo nikakumbuka bafta iliyokuwa sandukuni.

Hapo ndipo lawama inaponiangukia, na siikwepi.

Bafta ile ilibaki tulipomkatia sanda mama mkwe wangu, Bi Ghaliya, mwaka jana. Bi Mwanabaraka, muosha maiti wa mtaa wetu, alinipa kipande kilichobaki akaniambia nikakizike pamoja na majani ya mkunazi, kwenye shimo lililopokea maji ya kumwoshea. Majani niliyazika. Lakini kitambaa kizima, kipya, cha mkono mmoja tangu kiwiko hadi ncha ya kidole... niliona hasara. Mimi ni bahili. Mume wangu Haroub hunicheka kwamba hata uzi uliokatika nauweka. Nikakikunja, nikakitia sandukuni.

Tungule zangu, nyanya kwa wenzetu wa bara, ziliipokea dawa ile vizuri mno. Majani yakanona, maua yakafungana, wenzangu wakawa wanapita kuniuliza. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kitambaa. Baada ya kuchujia mara ya pili nilikifua, nikakianika, nikaona kimefika mkono na nusu. Kila mtu anajua bafta ikifuliwa hupungua. Mimi nikajitia kusahau.

Jioni ile ilikuwa baada ya mara ya nne. Nilifika kwenye kamba pembeni ya shamba.

Kitambaa hakipo.

Upepo hakuna. Nikadhani kimeanguka, nikainama kutazama chini ya matuta. Ndipo harufu ikanijia. Si ya tungule, si ya samadi. Kafuri... ile tunayomtilia maiti.

Kisha nikasikia sauti. Shwaa... shwaa... Kiganja kinapita juu ya nguo, kinainyoosha. Niliijua sauti ile. Ndivyo Bi Mwanabaraka alivyoitandika sanda juu ya mkeka, taratibu, asiache kunjo.

"Nani?" nilinong'ona.

Sauti ikakatika. Nikahesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu...

Shwaa.

Nikayapanua majani ya tungule kwa mikono miwili.

Moza.

Amelala chali katikati ya matuta, macho wazi, mikono imenyooka ubavuni. Chini yake kitambaa kimetandikwa, hakina hata kunjo moja. Kinaanzia utosini kinaishia kisiginoni. Hakikuzidi, hakikupungua. Na mwanangu nilikuwa nimemwacha nyuma yangu, na njia ya shambani ni moja tu.

"Mama, sema polepole," alininong'oneza. "Bibi anipima."

Upande wa kichwani, pale ambapo hapakuwa na mtu, ncha ya kitambaa iliinuka kidogo... ikalazwa.

Sijui nilimnyakua vipi. Nilikimbia naye, kitambaa kimegandia gauni lake, nyayo zake baridi mikononi mwangu. Nyumbani sikuingia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanabaraka.

Bibi yule alikuwa anatawadha. Alikiangalia kitambaa bila kukigusa, akamwangalia Moza, kisha akarudi kwenye kitambaa. Akaweka kata chini.

"Hichi si n'likwambia ukizike?"

"Uliniambia, Bi."

"Ukakifanyia nini?"

Nikamweleza yote, mlonge, bomba, vikombe thelathini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kipande cha sanda kinamtaka mtu, ndiyo maana hakiachwi ndani ya nyumba. Na mimi nilikuwa nakinywesha maji ya kukuzia.

"Ni Bi Ghaliya?" niliuliza.

Alitikisa kichwa. "Ghaliya kazikwa, kasomewa, kapumzika. Huyo aliyekuwa akipima mie simjui."

Tulikizika kabla ya isha, kwenye shimo lilelile nyuma ya nyumba yangu, yeye akisoma, mimi nikifukia na Moza mgongoni. Tulipomaliza alinishika mkono. Mtoto akikipita kimo kile, aliniambia, kitambaa hakitamfaa tena. Basi mkuze.

Tungule nilizing'oa zote, wala sikuona uchungu. Kimo cha Moza nikakitia alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango. Kila siku nampikia majani ya mlonge kwa nazi, asubuhi nampa na uji wake. Mimi niliyekuwa nakuza tungule sasa nakuza mtoto. Haroub anasema nimepagawa na mboga moja. Sijamweleza. Naogopa kumweleza.

Mwezi wa kwanza alama haikusogea. Wa pili haikusogea. Nilikuwa sili, naamka kumsikiliza kama anapumua.

Jana asubuhi nilimsimamisha tena mlangoni, nikamlazia kisu utosini. Amezidi. Upana wa kidole kimoja, kamili. Nililia, nikamkumbatia mpaka akalalamika kuwa namuumiza. Furaha ile sijapata kuijua.

Nikatoka nyuma ya nyumba kwenda kulitazama shimo, nimshukuru Mungu nikiwa palepale. Udongo ulikuwa umekauka na kushikana, kama tulivyouacha. Isipokuwa mahali pamoja.

Ncha nyeupe ilikuwa imechomoza.

Nilipiga magoti. Nikaweka kidole changu kando yake, nipime.

Kidole kimoja. Kamili.