Kioo Kisicho na Fingo

Jua lilipoanza kuzama, Kitwana alichukua kitambaa akaenda kufuta kioo cha duka. Ilikuwa kazi yake ya kila jioni, naye aliipenda kuliko hata kuuza.

Tuseme kweli, kioo kile kilimvimbisha kichwa. Nyumba ya mawe ya babu yake, yenye mlango mmoja wa nakshi, yeye kaubomoa ukuta wa mbele akaweka kioo kutoka Dar es Salaam, kanga zionekane mpaka njiani. Bagamoyo nzima ilikuja kujitazama.

Shangazi yake, Bi Mwanaharusi, hakuja kujitazama. Alikuja kuuliza.

"Mlangoni babu yako alifukia fingo, kinga ya nyumba hii. Hapa ulipobomoa umefukia nini?"

"Shangazi, hapa si mlango."

"Ukuta ukitobolewa ni mlango, mwanangu. Na mkeo mimba mbili zimeshaharibika, hii ya tatu. Mwambie basi, Magharibi asiitikie hodi ya mtu asiyemwona."

Kitwana akacheka. Mwenye duka asiposema karibu, atakula nini? Hakumwambia mkewe kitu. Chausiku mwenyewe alikuwa na furaha zake, keshatenga hata kanga ya mbeleko, nyekundu, kaikunja sandukuni.

Basi jioni ile alikuwa anafuta. Mlango keshautia komeo. Watu wamekwenda msikitini, njia tupu.

Ikamjia harufu ya udi... na ya udongo uliofukuliwa.

Akainua uso.

Mwanamke aliyejitanda kaniki amesimama nje, kiganja kakibandika kiooni. Kitwana hakumwona akija.

"Hodi," sauti ikasema, taratibu.

Alitaka kumkataza mkewe. Ulimi ukawa mzito. Shingo haikugeuka.

"Hodi..."

Kutoka uani Chausiku, ambaye kutwa nzima huitikia wateja, akaitikia kama alivyolelewa.

"Karibu."

Nje hapakuwa na mtu.

Alama ya kiganja ilibaki kiooni. Kitwana akaipitishia kitambaa, ikafutika. Ilikuwa upande wa ndani.

"Mume wangu," Chausiku akaita kwa sauti ya chini. "Nani huyo mwanamke uliyemfungulia? Kanishika tumbo, akapita zake." Akajipapasa tumbo. "Mtoto... hachezi."

Mkunga alikuja, kisomo kikasomwa. Mtoto alizaliwa hana pumzi, wakamzika. Walipofungua sanduku, mbeleko haikuwamo. Bi Mwanaharusi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba babu alilifukia fingo lile kumzuia mwanamke mmoja asiingie, na jina lake hakupata kulitaja.

Watu humshauri Kitwana akivunje kioo. Hataki, na sababu hasemi.

Kila Magharibi mwanamke yule husimama njiani, mtoto mgongoni, kafungwa kwa kanga nyekundu.

"Karibu," Kitwana humnong'oneza, paji la uso kiooni. "Karibu ndani, mama. Karibu."

Mwanamke humtazama, akimpigapiga mtoto apate usingizi. Hodi hapigi tena.